Pawasoo ya Kuni na Pawasoo ya Kazi: Nani Aliua Mashine ya Mzee?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu kazi imenibana, lakini bado nipo. Wale mliozoea kusoma hapa mambo ya seva, hifadhidata na lugha za programu, leo mtanivumilia kidogo. Leo tunaongea juu ya pawasoo. Ndiyo, ule msumeno wa cheni unaowaamsha kijijini Jumamosi asubuhi.

Msikimbie. Swali lililo ndani yake ni lile lile linalotusumbua sisi watu wa kompyuta kila siku: tukisema mashine fulani ni ya kuaminika, tunamaanisha ya kuaminika kwa nani, na kwa kazi gani? Kwetu nyumbani swali hilo lilifanya ndugu wawili wa tumbo moja wasisalimiane kwa miezi miwili.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, yuko Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mwaka 2015 alinunua pawasoo ya ukubwa wa kati, injini ya cc 55 hivi, upanga wa inchi 18. Jina la kampuni nitaliacha, halina faida hapa. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kuni: matawi ya mikaratusi, miwati iliyoanguka kwa upepo, na mti mmoja mmoja wa kutengeneza nguzo za ua. Miaka tisa haikuwahi kumwangusha. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini pawasoo nzuri ni gani, alikuwa anakutuma kwa Mwalimu.

Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, kazi yake ni kupasua mbao. Anaitwa shambani, anaangusha mti, halafu anaupasua pale pale chini kuwa mbao za futi nane au kumi kwa mashine ya mkono, bila meza wala reli. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, watu wa mbao waligeukia miti ya mashambani na simu ya baba mdogo haikutulia. Amesomesha watoto watatu kwa kazi hiyo.

Machi 2024 mashine yake kubwa ya cc 72 ililala kwa fundi ikisubiri kipuri. Alikuwa amepokea malipo ya kwanza ya mti mkubwa wa mkaratusi, na pesa hizo zilikuwa zimeshaingia kwenye karo. Akaazima pawasoo ya Mzee. Alifanya nayo kazi siku 18. Siku ya 18, saa nane mchana, ikakata sauti na kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika. Injini imekwama.

Mzee akasema: umeniulia mashine, nataka shilingi 60,000 ninunue nyingine. Baba mdogo akasema: ile haikuwa mashine, ilikuwa kitu cha kuchezea, miaka tisa ulikuwa unaipapasa tu. Maneno yakawa mengi. Nyanya, ambaye ndiye mama yao, akanipigia simu Nairobi. "Wewe ndiye ulisomea mashine, njoo utuamulie." Nikamwambia, nyanya, mimi nilisomea kompyuta. Akaniuliza, "Kwani kompyuta si mashine?"

Basi nikaenda.

Kitu cha kwanza nilichoomba ni rekodi. Mtu akiniambia seva imekufa, siulizi nani wa kulaumiwa, naomba logi. Kwa bahati nzuri Mzee ni mwalimu, na mwalimu huandika. Ana daftari la shamba lenye kila lita ya petroli aliyonunulia pawasoo tangu 2015. Nilijumlisha: lita 131 kwa miaka tisa. Baba mdogo naye anakumbuka hesabu yake vizuri kwa sababu petroli ndiyo gharama yake kubwa: lita saba kwa siku, siku 18, jumla lita 126.

Hebu angalieni namba hizo mbili tena. Mashine ile ilikunywa karibu petroli sawa kwa siku 18 kama iliyokunywa kwa miaka tisa.

Injini ya ukubwa huo ikikata kwa nguvu zote hunywa lita moja na nusu hivi kwa saa. Kwa hiyo baba mdogo aliiendesha kama saa 84. Ya Mzee ni vigumu zaidi kukadiria, kwa sababu mkata kuni huacha injini ikinguruma pole pole huku akisogeza gogo, lakini tuseme saa 130 hivi kwa miaka yote. Kwa wastani ni saa 14 au 15 kwa mwaka. Nyingine ilikuwa inapata saa hizo kwa siku tatu.

Na hata saa si sawa na saa. Ukikata kuni, unakata gogo kwa kulipitisha. Sekunde kumi, limekatika. Unaachia kifyatulio, injini inapumua, unasogea, unakata tena. Ukipasua mbao, unafuata urefu wa mti. Upanga wote umezama ndani, kifyatulio kimebanwa hadi mwisho, na hutaachia mpaka ufike ng'ambo ya pili, dakika kadhaa baadaye. Halafu unaanza mstari mwingine. Injini ya pawasoo ni ya mipigo miwili, inawaka kila mzunguko. Ikifanya mizunguko 9,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 540,000 kwa saa. Haina maji ya kuipoza kama gari. Inapozwa na upepo wa feni yake tu, na mafuta ya kulainisha ni yale kidogo uliyochanganya kwenye petroli, mililita 20 kwa lita moja kwa mashine nyingi za siku hizi.

Wenzangu mnaotengeneza programu mmeshaona ninakoelekea. Mfumo wa karo wa shule unaweza kufanya kazi mwaka mzima ukiwa na karani mmoja anayeingiza risiti. Siku ya kufungua shule wazazi mia tano wanaingia kwa dakika kumi na mfumo unalala chali. Je, mfumo uliharibika siku hiyo? Hapana. Udhaifu ulikuwepo tangu mwanzo, ila haukuwa umepata mzigo wa kuutoa nje.

Tukaenda na mashine kwa fundi, soko la Engineer. Fundi huyo hakutaka hadithi. Alifungua bomba la moshi, akamulika ndani kwa tochi, akatuonyesha pistoni. Ilikuwa imekwaruzika vibaya upande wa moshi, huku upande wa kabureta ukiwa safi. Akaeleza kwamba mikwaruzo ya upande wa moshi ni dalili ya joto: mafuta yamekuwa machache au hewa imezidi, pistoni imepanuka, ikakosa utelezi. Kama kosa lingekuwa vumbi lililopita kwenye chujio, angetarajia kuona pistoni imelika upande wa kabureta.

Mzee aliponyoosha kidole kumlenga ndugu yake kwamba hakuchanganya oili, fundi akaomba kidumu. Baba mdogo huwa habahatishi. Ana chupa ya vipimo aliyonunua duka la dawa. Mchanganyiko ulikuwa sawa.

Ndipo fundi akatoa kabureta na kukunja ule mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ulikuwa na ufa, mrefu kama ukucha. Usingeuona bila kuukunja. Hewa ilikuwa inaingia pale bila petroli, na bila petroli hakuna oili. Mpira ulikuwa umekauka kwa umri. Bomba dogo la petroli pia lilikuwa gumu kama njiti. Mapezi ya silinda, yale yanayotoa joto, yalikuwa yamejaa unga wa mbao uliogandamana na oili.

Kwa sekunde kumi kumi za kuni, ufa ule haukuwa na madhara. Injini ilipata joto, ikapoa, maisha yakaendelea. Kwa dakika kadhaa mfululizo za kupasua, joto lilipanda na halikupata nafasi ya kushuka.

Baba mdogo akasema kitu ambacho nilimheshimu sana kwa kukisema mbele ya kaka yake. Alisema wiki ya pili alisikia sauti imebadilika, injini inalia juu kuliko kawaida. Akafungua skrubu ya kabureta kidogo ili petroli iongezeke. Sauti ikarudi sawa kwa siku chache. Sisi huku kwetu tunajua dawa hiyo: seva inazubaa, unaizima na kuiwasha, inaendelea, na unarudi kwenye kazi yako kwa sababu mteja anasubiri.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Watu hudhani tofauti kati ya pawasoo ya nyumbani na ya kitaalamu ni ukubwa wa injini. Sivyo. Chukueni Stihl mbili, MS 261 na MS 271. Zote ni cc 50.2. Lakini 261, ambayo ni ya kitaalamu, inatoa kilowati 3.0 katika toleo lake la C-M na ina uzito wa kilo 4.9, ilhali 271, ambayo ni ya shambani, inatoa 2.6 kwa kilo 5.6. Ile ya kitaalamu ni nyepesi na ina nguvu zaidi, na bei yake iko juu. Kwa Husqvarna ni vivyo hivyo: 455 Rancher ya cc 55.5 ni ya shambani, na 550 XP ya cc 50.1 ndiyo ya kitaalamu. Ukinunua kwa kuangalia cc peke yake utachukua 455 ukidhani umepata mashine ya kazi nzito zaidi.

Pesa ya ziada inaenda wapi? Inaenda mahali usipopaona dukani. Mashine nyingi za kitaalamu zina kasha la kranki la magnesi, na silinda inafungwa juu yake kwa boliti nne, kwa hiyo fundi anaweza kubadilisha pistoni mchana huu na ukarudi kazini kesho. Nyingi za nyumbani injini yake imefungwa ndani ya kasha la plastiki, na ili uifikie pistoni inabidi uitoe injini yote. Inafanya kazi vizuri tu, lakini haikuundwa kwa kufunguliwa mara kwa mara. Mtu wa kuni hatalijua hilo maishani mwake. Mtu wa mbao atalijua mwaka wa kwanza.

Kuna namba nyingine ambayo wengi hawaijui. Misumeno iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hubandikwa kibandiko cha sheria ya moshi chenye muda wa saa: 50, 125 au 300. Hizo ni saa ambazo injini inatakiwa iendelee kutoa moshi ndani ya kiwango, kwa makundi ya kazi nyepesi, ya kati na nzito. Si umri wa mashine, na mashine nyingi huishi zaidi ya hapo. Lakini inakuonyesha mtengenezaji mwenyewe aliiweka injini katika kundi gani. Sasa pigeni hesabu. Saa 300 kwa Mzee wangu, kwa mwendo wake wa saa 15 kwa mwaka, ni miaka 20. Kwa baba mdogo, kwa saa nne na nusu hivi kwa siku, ni siku 67 za kazi. Namba ni ile ile, maisha ni mawili.

Nikakaa na Mzee jioni, nikamwambia nilivyoelewa. Kuna vitu vinavyokufa kwa saa na vitu vinavyokufa kwa miaka. Pistoni, ringi, sproketi, upanga na cheni hufa kwa saa. Usipoitumia mashine, haviishi. Mipira, mabomba ya petroli, sili na viwambo vya kabureta hufa kwa miaka, utumie usitumie, na hufa haraka zaidi petroli ikiachwa kwenye tangi kutoka likizo hadi likizo. Pawasoo ya kazi kwa kawaida huuawa na saa, ya kuni huuawa na miaka. Ile yake ilikuwa imezeeka upande wa miaka huku upande wa saa ikiwa bado kijana. Halafu ikapewa saa 84 kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo nikapendekeza bili igawanywe hivyo hivyo. Fundi aliokoa silinda, akasafisha alumini iliyoganda ndani, kwa hiyo haikuhitaji mpya. Pistoni, ringi na gasketi zilikuwa shilingi 4,800. Hizo ni za baba mdogo, maana saa ni zake na alisikia sauti. Mpira, bomba la petroli na sili zilikuwa shilingi 1,900. Hizo ni za Mzee, maana miaka ni yake. Kazi ya fundi shilingi 2,500, nusu kwa nusu. Jumla 9,200: baba mdogo 6,050, Mzee 3,150.

Msidhani walikumbatiana. Mzee alichukua karatasi, akaikagua hesabu kama anasahihisha mtihani, akasema atafikiria. Alifikiria wiki mbili. Baba mdogo alilipa sehemu yake kwanza kwa M-Pesa bila kusema neno, na nadhani hilo ndilo lililomsukuma Mzee kulipa yake. Siku hizi wanasalimiana. Mashine inafanya kazi, ya kuni tu, na Mzee haiazimi tena kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Kwa wale mnaofikiria kununua, haya ndiyo niliyobaki nayo:

Kwanza, hesabu saa zako kabla ya kuuliza jina la kampuni. Chini ya saa 30 kwa mwaka, pawasoo ya kati ya shambani inakutosha na pesa ya ziada ni bora ununue kofia yenye ngao ya uso na suruali ya kinga. Ukiwa unafanya kazi nayo kila siku, nunua ya kitaalamu hata kama ni ya cc chache kidogo. Na kama kazi ni kupasua mbao, ya kati si saizi yako kabisa, kitaalamu au la. Ndiyo maana wapasuaji wengi wako kwenye cc 70 na zaidi.

Pili, usidanganywe na neno kuni. Anayekata kuni za jiko lake na anayejaza lori la kuni za kiwanda cha majani chai au jiko la shule ya bweni wote wanakata kuni, lakini wa pili ni mtu wa saa nyingi kama mpasuaji.

Tatu, cheni butu ni mzigo. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Joseph Buford Cox, aliangalia buu wa mende anavyotafuna mbao kushoto na kulia, akabuni meno ya cheni tunayotumia hadi leo. Meno hayo yakiwa makali hujivuta yenyewe ndani ya mti na kutoa vipande. Ukiona unga badala ya vipande, au unakandamiza ili ikate, simama upige tupa. Injini inalipa deni la cheni butu kwa joto.

Nne, kama mashine yako ni ya kuni na imepita miaka mitano au sita, mwambie fundi akunje mipira na kubana bomba la petroli kabla hujaipa kazi kubwa au kuiazima. Ukiiweka zaidi ya mwezi, mwaga petroli, iwashe mpaka izime yenyewe. Safisha mapezi ya silinda.

Tano, andika lita. Daftari la Mzee la shilingi ishirini ndilo lililomaliza kesi ambayo wazee wa ukoo hawakuiweza.

Jambo moja bado linanikereketa. Baba mdogo anasema angekuwa na njia ya kujua saa za mashine bila kukisia kutoka kwenye petroli, angeziuza mashine zake kabla hazijachoka na wanunuzi wake wangejua wanachonunua. Kuna vijimita vidogo vya saa vinavyosoma mdundo wa umeme kwenye waya wa plagi. Nimeagiza kimoja. Kikifika nitakifunga kwenye ile ya cc 72, nione kama kitavumilia mtikisiko wa mkaratusi, na nitawaletea namba zake hapa. Kama kuna mpasuaji kati yenu aliyewahi kukitumia, niandikie uniambie kilidumu siku ngapi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata.